Asiye na Kivuli Kati ya Projekta Mbili

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyeumba mwanga kabla ya jua, akanifikisha uzee huu macho yangu yakiwa bado yanaona. Haya niliyaona mwenyewe, mchana, ukumbini kwetu Namawala. Sikuwa na homa, wala pombe sijawahi kuonja.

Mzee Fabiani alizama mtoni akivusha mpunga, na mwili haukupatikana. Mkewe, Mama Koleta, alikataa tanga liondolewe. "Niage nini, katekista? Maji?"

Nikamwahidi kwamba angalau uso wa mumewe atauona, mkubwa na wazi, tumwombee. Picha ilikuwa moja tu, na projekta yetu imechoka, mwanga wake hafifu. Nikaazima ya pili Ifakara, nikaipandisha juu ya ile yetu ili mianga yote miwili iangukie shuka moja na picha ing'ae. Madirisha tukayaziba kwa magunia. Lakini picha zikakataa kulaliana.

"Katekista, umempa mjomba vichwa viwili!" akasema mpwa wa marehemu.

"Alikuwa nacho kimoja," akajibu Mama Koleta, "na kilitutosha kwa ugumu."

Watu wakacheka. Mimi sikukata tamaa. Nilikunja kipande cha gunia, nikakisukuma chini ya projekta ya juu. Hapo mtu akasimama mbele ya shuka.

"Shusha kidogo, katekista. Kushoto. Hapo hapo."

Nikafuata. Vichwa vikawa kimoja. Ndipo nikashtuka: anayesimama mbele ya projekta mbili huangusha vivuli viwili. Yule hakuwa na hata kimoja, niamini.

Nikaziba lenzi moja kwa kiganja. Hayupo. Nikaondoa kiganja. Yupo, nguo zikichuruzika maji. Wewe ungefanya nini? Miguu yangu ilitaka mlango. Nikaishika meza, nikasali Baba Yetu.

"Baba Koleta," mkewe akaita, "uko wapi?"

"Kwenye matete, nyuma ya kambi ya zamani ya wavuvi. Baridi imenichosha."

Niliziacha projekta zote mbili ziwake mpaka alipofifia mwenyewe.

Kesho yake tulikwenda na majembe. Tulimkuta palepale, rozari bado shingoni. Tukamzika kwa misa, na Mama Koleta mwenyewe akasema tanga liondolewe.

Tangu siku ile, kiganja kilichoziba lenzi hakitoi kivuli mbele ya projekta. Watoto wa katekisimu hukinyooshea vidole, sikifichi. Nawe ukiunganisha mianga miwili, ukamwona kati yake mtu asiye na kivuli, usikimbilie kuzima. Msikilize kwanza. Huenda anaomba kaburi tu.

Mungu akulinde wewe unayesoma, na kama una wako ambaye hajapatikana, amrudishe nyumbani.