Siku Niliyoutangazia Mtaa Kwamba Mwenyekiti Amekula Sumu

Jamani, hata leo nikipita mtaani kwetu Isevya kuna watu wakiniona wanaziba midomo kwa viganja, na sina wa kumlaumu, niliyataka mwenyewe.

Baba mkwe wangu, mkulima wa tumbaku kule Urambo, alikuwa ametuachia mbwa wake tumtunze wiki mbili, mbwa anayempenda kuliko wakwe zake wote (mimi nikiwa wa mwisho kwenye foleni), na jina alilompa ni Mwenyekiti, eti kwa sababu hukaa mlangoni akiwakoromea wapita njia. Sasa mende walikuwa wametuzidi jikoni, nikanunua dawa ya unga, na badala ya kuinyunyiza kwenye nyufa kama maelezo yanavyosema, nikajifanya mjanja, nikaichanganya na dagaa wa kukaanga ili mende wavutike. Kumbe aliyevutika ni mwingine.

Nilimkuta uani, mate yanamtoka kama povu la sabuni, miguu inatetemeka. Nikampigia mke wangu aliyekuwa sokoni, na kwa kuwa simu yake haisikii vizuri, nikatoka barabarani kutafuta mtandao nikapaza sauti:

"Mama Neema! Mwenyekiti amekula sumu! Anakufa!"

"Mpe maziwa!" akajibu, naye kwa kelele, katikati ya soko.

Nikammiminia maziwa, nusu yakaishia kwenye suruali yangu, nikamfunga kitenge, nikapanda naye bodaboda mpaka kwa daktari wa mifugo.

"Pakiti ya dawa iko wapi?" akauliza. Nimeiacha nyumbani. "Umempa nini?" Maziwa.

Akatikisa kichwa huku akiandaa sindano. "Maziwa hayaondoi sumu, ndugu yangu, na mbwa anayetetemeka hivi ukimmiminia kitu kinaweza kuingia kwenye mapafu. Siku nyingine usimpe chochote, usimtapishe, mlete haraka na pakiti, nijue napambana na nini."

Nikiwa nimeduwaa hapo, nikiwaza nitamwambia nini mkwe, nikasikia kelele nje. Watu kama thelathini (dereva wa bodaboda ndiye aliyewaelekeza), akina mama wamejifunga kanga viunoni, na mbele yao, akihema, mwenyekiti wetu wa mtaa mwenyewe, aliyekuwa amejilaza kwake akaamshwa na waombolezaji.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Nasikia nimekula sumu."

Nikaonyesha mezani kwa kidole. Akamtazama mbwa, akanitazama mimi.

"Atapona?"

"Daktari anasema ana matumaini."

"Basi tumshukuru Mungu," akasema, "maana shangazi yangu ameshapanda basi kuja kunizika."

Mbwa alisimama siku ya tatu, akala ugali. Mimi niliitwa kwenye mkutano wa mtaa kuomba radhi, nikaomba nimeinamisha kichwa, shangazi ameketi mstari wa mbele ananikodolea macho, na palepale nikaapa: dawa ya mende sigusi tena. Mende wakilitaka jiko walichukue, sisi tutapikia uani.