Nilivyokwenda Bute Kumwomba Saadia Radhi

Nilifunga safari ya Bute mwaka huu kwa sababu ya uongo nilioutoa nikiwa na miaka kumi na mmoja. Katika miaka ya tisini baba yangu alihamishwa kutoka Voi kwenda kufundisha shule ya msingi huko Wajir Kaskazini, naye akatuchukua sote. Tulikaa Bute miaka minne. Nikiwasimulia watu wa kwetu hunipa pole, maana wanafikiria jua na vumbi. Mimi nakumbuka gundi tuliyoibandua kwenye migunga tukaitafuna mpaka taya zikauma. Nakumbuka maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, na mchezo wa mdako kwenye kivuli cha tangi la shule, na rafiki yangu Saadia, aliyekuwa hodari wa kudaka kokoto hata wavulana wakakataa kushindana naye.

Siku moja tuliamka tukakuta mvua imejaza lambo la kunyweshea ngamia. Mimi na Saadia tulitoroka darasa, tukashinda majini na nguo zetu. Sijapata furaha ya namna ile tena. Baba aliponiuliza, nikasema Saadia ndiye aliyenishawishi. Wiki iliyofuata Saadia hakuja shule, na muhula ulipokwisha sisi tukahamishwa. Niliamini baba alimshtaki kwa wazazi wake, wakamwachisha masomo. Sikuthubutu kuuliza, na sasa baba ameshafariki.

Mwezi mmoja kabla ya safari, sokoni Voi, nilikutana na mama mmoja mwuza nguo, mzaliwa wa Bute. Nikamtajia Saadia. "Saadia wa maziwa?" akasema. "Yuko. Banda lake ni karibu na soko." Nikaomba likizo.

Garissa, saa kumi na mbili asubuhi. Nilikunywa chai ya maziwa kwa anjera mbili, zile chapati laini za Kisomali, kituoni, kisha basi likaondoka. Kizuizini polisi walisoma kitambulisho changu mara mbili, wakaniuliza ninakwenda kwa nani. Nikasema kwa rafiki. Basi likaingia kwenye nyika, na kwa saa nyingi dirishani kulikuwa na vichaka, mbuzi na mchanga mwekundu.

Modogashe, karibu na adhuhuri. Mzee aliyeketi kando yangu alinimegea mkate wake. "Mama, unaenda kwa kazi ya serikali?"

"Hapana, mzee. Naenda Bute kumwona rafiki wa utotoni."

"Miaka ngapi hamjaonana?"

"Zaidi ya thelathini."

Alitafuna kidogo. "Ngamia angekujua," akasema. "Mtu, sijui."

Nililala Wajir. Kesho yake nilipanda gari la mizigo ya duka, nikaketi mbele na dereva, tukapita Buna, na kabla ya alasiri nikaviona vilima vya Bute. Hivyo tu ndivyo nilivyovitambua. Tangi la shule halipo. Pale pamejengwa madarasa mapya. Lambo letu limefukiwa, juu yake pana maghala yenye mabati yanayong'aa. Nilisimama pale kwa muda, nikijaribu kukisia ukingo wa maji ulikuwa wapi, mpaka mlinzi akatoka kuniuliza natafuta nini.

Saadia alikuwa ameketi nyuma ya madumu ya plastiki, mtandio wa kijani kichwani, mama wa makamo kama mimi. Nilimsalimu, akaitikia, akaniuliza nataka lita ngapi.

"Mimi ni Mkawasi. Binti wa maalim."

Alinitazama toka juu hadi chini. "Mkawasi alikuwa mwembamba," akasema. Halafu akainuka, akanishika mabega kwa mikono yenye maziwa. "Abayo," akasema, yaani dada yangu.

Alipomaliza kuuza alinipeleka nyumbani kwake. Yuko peke yake. Mume anafuata mifugo, na watoto wanasoma Wajir. Chai ilipomiminwa nikamweleza yote: lambo, uongo wangu, kuachishwa shule. Nikamwomba anisamehe.

"Lambo gani?" akauliza.

Nikamweleza tena. Nikamkumbusha hata viatu vyake vilivyozama. Alifikiri kwa dhati, akatikisa kichwa. "Wallahi sikumbuki. Mimi nilitoka shule sababu majani iliota mbali na ngamia walikuwa wanahama. Baba alisema nisaidie mama. Maalim hakusema kitu kwetu."

Ningepaswa kufurahi. Badala yake nilihisi nimeibiwa. Siku ile iliyokuwa bora kuliko zote, nilidhani tuko wawili tunaoitunza, kumbe nilikuwa nayo peke yangu.

Saadia akanisogezea kikombe. "Wewe unakumbuka mchanga?"

"Mchanga upi?"

"Kabla hatujahama. Jioni ulikuja kwa boma yetu na daftari. Mimi nafunga wana-mbuzi, wewe uko nje ya ua ya miiba, unaandika chini kwa kijiti. Unaniambia leo tumesoma hii. Kila jioni. Nikikosea unafuta kwa mguu." Akaonyesha kwa unyayo wake sakafuni. "Leo mimi nasoma karatasi ya dawa ya watoto sababu ya hiyo mchanga, Mkawasi. Ungekuwa mbaya ungekuja?"

Nilitafuta kichwani ua wa miiba, kijiti, sauti yangu. Sikupata chochote.

Asubuhi tulitembea nusu saa kutafuta gundi, kwa sababu migunga ya karibu imekatwa. Tulipata donge moja dogo tukaligawana. Halikuwa na ladha hata kidogo. "Ilikuwa hivi hivi?" nikauliza. Saadia akasema labda ilikuwa hivi hivi, ila sisi tulikuwa na njaa. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Aliponisindikiza kwenye gari alinishika mkono muda mrefu, kisha tukapeana namba za simu.

Njia yote ya kurudi, Buna, Wajir, Habaswein, nilikuwa nikiwaza. Nilikwenda Bute nikidhani utoto wangu niliondoka nao wote, ukiwa salama. Nimejifunza kwamba nilichukua nusu tu, tena si lazima iliyo bora. Nusu ya pili ilikaa kwa mwuza maziwa miaka yote hii, na huko mimi nilikuwa mtoto mwema kuliko nilivyojijua. Bado nazitamani jioni zile nisizozikumbuka. Nazitamani kuliko siku ya lambo.

Siku ya nne baada ya kufika Voi nilipata ujumbe wa Saadia. Watu wa kule hupenda kutuma sauti, lakini yeye alikuwa ameandika, kwa herufi kubwa zote: RUDI TENA. WATOTO WANASEMA NIMEKUTUNGA.