Raba ya Pili

Jumatatu jioni, katika duka moja la vitabu pale Ogembo, baba mwenye tai aliingia na binti yake wa gredi ya tano.

"Tupatie raba ya kufutia."

Mwenye duka akashangaa. "Na ile ya jana?"

"Baba ameimaliza," binti akajibu.

Sisi tuliokuwa kwenye foleni tukacheka. Baba, ili kujitetea, akatusomea swali la hesabu kutoka daftari la binti: mfereji mmoja hujaza tangi kwa saa tatu, mwingine kwa saa sita. Ikifunguliwa yote miwili pamoja, tangi litajaa kwa saa ngapi?

"Si ni tisa? Huyu kila akiandika mbili, nafuta."

Foleni nzima tukaitikia kwamba ni tisa. Mimi ndiye niliyepaza sauti zaidi.

Binti akauliza kwa upole, "Baba, tukichota maji tukiwa wawili, tunachelewa kuliko mmoja?"

Baba akalegeza tai. Mimi nikaanza kusoma bei za kalamu kana kwamba nimetumwa.

Binti akapokea raba kwa mikono miwili, akashukuru. "Sasa Baba, niandike jibu lako ama langu?"

Kila siku tunawaambia watoto wasome wawe kama sisi. Nilitoka dukani nikiomba wasitusikie.