Tezi Iliyotaka Kunivunjia Ndoa

Mimi nina mdomo, sikatai. Lakini mwaka ule nilizidi. Kawetele nzima imejikunyata ndani ya masweta, mvua haina hata habari ya kukatika, mimi nalala bila blanketi, madirisha wazi, na mume wangu akithubutu kufunga moja, namwakia. Kijiko kikianguka, nafoka. Kuku akipita mlangoni, nafoka. Moyo unanienda mbio kama nimepanda mlima, kumbe nimekaa tu kwenye kigoda namenya ndizi.

Na kula nilikuwa nakula! Sufuria ya mbalaga, zile ndizi zetu za kupika na maharage, naimaliza halafu natafuta kingine. Bado sketi zinanivuka. Majirani wakaanza kunong'ona bombani. Unajua watu wakikuona umekonda wanawaza nini. Nikaenda kupima, sina virusi. Nikawatangazia palepale bombani, kwa sauti, wanyamaze.

Mume wangu akachoka. Akampigia simu kaka yangu aje kutoka Suma, tukae kikao cha familia. Nilijua maana yake: naweza kurudishwa kwetu, na utu uzima huu. Niliogopa, jamani. Na bado nilishindwa kunyamaza.

Siku ya kikao nikammiminia kaka chai, nusu ikaishia kwenye suruali yake. Akanishika mkono, akausikia unavyotetemeka. Akanitazama macho, yalikuwa yamenitoka.

"Shemeji," akamwambia mume wangu, "huyu anaumwa. Kikao kisubiri."

Hospitali walinitoa damu. Majibu yalipotoka, daktari akatueleza kwamba shingoni kuna tezi inayoupa mwili mwendo wake. Yangu ilikuwa inachochewa na kinga ya mwili wangu mwenyewe, ikawa inafanya kazi kupita kiasi. Kumbe hakuna aliyeniroga! Akanipa vidonge vya kuituliza na vingine vya mapigo ya moyo, akasisitiza nirudi kupima tena.

Nikatulia. Usingizi ukarudi, nyama kidogo ikarudi mashavuni. Halafu nikatulia mno. Nasinzia mchana kweupe, nasikia baridi mpaka kwenye mifupa, mume anaingia sebuleni na matope yote ya shambani, namtazama tu. Nikajisemea, haya, amepata alichokitaka.

Asubuhi moja akaniambia nijiandae, twende hospitali. Tarehe yangu ilikuwa bado. Daktari akauliza kuna shida gani. Mwanaume aliyeniitishia kikao kwa ajili ya kelele zangu akakohoa kidogo, akainamisha kichwa.

"Daktari, mke wangu siku hizi hafoki kabisa. Nyumba imepoa. Naomba unirudishie mtu wangu."

Daktari alicheka, lakini damu alipima: dawa ilikuwa imezidi, akaipunguza. Mimi nililia palepale kwenye kiti. Miaka yote ya ndoa yetu sikujua kwamba ananipenda na mdomo wangu.