Njia ya Kwenda Tukuyu

Siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne huku Milepa, na kwetu ni Tukuyu. Kwenye mafunzo ya mtaala mpya tuliambiwa tuache kukaririsha watoto, tutumie mifano ya maisha halisi. Nikaitikia kwa moyo wote. Kipindi cha kuelekeza njia nikachora ubaoni safari ya kwetu, na kila wiki nikaongeza kitu: ukungu, migomba, mlango wa jikoni kwa mama. Nilijiona mwalimu bora wa kata nzima.

Juzi akaja mthibiti ubora wa shule kunikagua. Akawauliza watoto, "Nani atanielekeza njia ya kwenda zahanati?"

Watoto wote wakanigeukia mimi. Mgeni akaandika kitu.

"Waulize ya Tukuyu, mzee," nikajitetea.

Akauliza. Darasa zima likasimama. "Unapanda basi Sumbawanga! Unapita Laela, Tunduma, Mbeya! Ukishuka unafuata migomba. Mlango wa jikoni haufungwi, mama anamsubiri mwalimu!"

Mthibiti akanitazama, wala hakucheka. "Vizuri. Na njia ya kurudi huku Milepa?"

Wakaanza kuketi mmoja mmoja. Mwishowe Skolastika, anayekaa dawati la mbele, akanyoosha kidole.

"Hiyo mwalimu hajawahi kutuchorea," akasema taratibu. "Sisi tunajua akienda harudi."