Sajini Aliyelazwa Stoo Asubuhi ya Baridi

Mwanangu, ile asubuhi ya baridi pale Mbale bado naikumbuka, na kila nikiikumbuka nashusha pumzi. Nilikuwa askari mpya wa magereza, nimehamishwa kutoka Jinja, najiona najua kila kitu.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, ukungu umefunika mlima Wanale wote. Kwenye gwaride sajini wetu akaanza kutoa amri, maneno yakatoka yamevurugika. Mdomo umekwenda upande. Mkono wa kulia ukakataa kupiga saluti. Nikasema moyoni, hiyo ni pombe ya waragi! Na sisi askari tulikuwa na desturi yetu: mwenzako akilewa kazini, unamficha kabla mkubwa hajamwona. Nikamkokota hadi stoo, nikamlaza juu ya magunia ya maharagwe, nikamfunika blanketi. Tena nikajisifu.

Mkewe akaja kumletea uji. Nikamnong'oneza, "Mama, afande amepiga maji. Mwache alale."

Lo! Alinitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze.

"Mume wangu ni mlokole, pombe haonji. Wewe umemnusa?"

Sikuwa nimemnusa. Nilipoinama, nikasikia harufu ya sabuni tu.

"Baba yake alianguka hivihivi, miezi hii hii ya baridi. Hiki ni kiharusi, bwana! Leta gari!"

Nilikimbia hata kofia ikaanguka. Hospitalini, daktari akatuambia kwamba baridi ikizidi mishipa hubana, presha hupanda, na wodi yake hupokea wagonjwa wa kiharusi wengi zaidi kuliko miezi ya jua. Nikasali, mimi niliyekuwa naenda kanisani Krismasi tu.

Mungu mkubwa! Baada ya wiki kadhaa sajini alikuja getini akichechemea. Mkono wa kulia ulikuwa bado mzito, basi akanipigia saluti kwa wa kushoto, akacheka: "Wewe uliyenifanya mlevi!" Nililia mbele ya wafungwa, wala sikujali.

Basi mwanangu, mvua zikianza, kapime presha, na dawa ukipewa usiiache eti kwa kuwa unajisikia mzima. Ukiona mtu mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayaeleweki, usimfiche wala usimhukumu. Mkimbize hospitali dakika hiyohiyo. Ikionekana kweli alilewa, mtacheka, yataisha.

Mungu akukinge na baridi, na akuwekee karibu mtu wa kukukemea mapema, kama alivyoniwekea mimi mama yule.