Kabichi za Ufalme

Nilinunua mchezo ule wa kompyuta ili mama atulie nyumbani kwangu Kimemi. Nilikuwa nimemtoa Bungulu, kule Beni, kwa sababu njia ya shamba lake haikupitika tena, waasi wenye bunduki waliua wakulima humo. Kila asubuhi alikunja vitenge vyake, akavitia katika mfuko, akauweka nyuma ya mlango, tayari kwa safari. Kila asubuhi niliuficha chini ya kitanda changu. Nilidhani akiona majoka na wafalme atasahau shamba.

Saa ya kwanza mchezo wenyewe ulinichekesha kwa hasira. Ufalme unaungua, joka linatema moto juu ya mapaa, na raia wamesimama mikono mifukoni wakingoja mpita njia. Hata sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini tungemuuliza kwanza ni mtoto wa nani. Mfalme wao alinikabidhi nchi kabla hajanipa kiti. Barabarani hakuna kizuizi, hakuna mwenye bunduki anayetaka kitambulisho. Nilibeba panga tisa na ngao nne, mzigo wa kuvunja chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukumia mizigo, nikapanda mlima mbio bila kuhema. Mtu aliyeubuni mchezo huu hajawahi kubeba hata debe la maharage.

Mama alikuwa ameketi nyuma yangu, ametoka misa.

“We! Unaingia mu nyumba ya batu bila hodi, unapasula nyungu zabo?”

“Mama, ni jeu, muchezo tu. Mu nyungu njo munakuwaka feza.”

“Lakini nilikulea hivi?”

Akaninyang'anya kidude cha kuchezea. Joka hakulitazama. Alimpeleka shujaa wa mchezo moja kwa moja kwenye shamba la kabichi nyuma ya kinu cha kusagia, akazunguka mistari akitafuta jembe. Silaha zimo za kila aina, jembe hakuna hata moja. Joka likashuka, likamuua. Nikamwonyesha namna ya kuanza upya. Akarudi kwenye kabichi, likamuua tena. Mara ya nne nilishindwa kuvumilia.

“Kimbia, mama! Ama upigane!”

“Nilikimbia Bungulu. Nikimbie na hapa?”

Niliona aibu. Alimrudisha mtu wake kwenye kabichi mara ya tano, nikausimamisha mchezo, naye akaweka kidude mezani.

“Hii yako imeniua mara ine, na sijapalilia hata mustari moja. Afazali nikafie ku shamba yangu.”

Jumatatu niliutoa mfuko chini ya kitanda, nikauweka mwenyewe nyuma ya mlango. Alipanda pikipiki ya Beni, chai yake hajaimaliza. Siku mbili za kwanza alinipigia simu kunisimulia magugu, kwa furaha ambayo sikuwahi kumpa hapa.

Tangu jana simu yake haipatikani. Nimefungua mchezo. Mtu wake bado amesimama katikati ya kabichi, amelielekezea joka mgongo, na mimi naogopa kumgusa.